Mikono ikifa ganzi, breki haina kazi

MASHABIKI wa soka tunaujua uchungu wa bao la dakika ya 90. Unaongoza, benchi zima limeshasimama pembeni mwa mstari tayari kuingia uwanjani kushangilia, halafu mpira mmoja mrefu unavuruga kila kitu. Sasa uchukue uchungu huo, uuweke kwenye mbio za wiki tatu na zaidi ya kilomita 3,200.

Ndicho kilichomkuta Laurent Fignon wa Ufaransa, Julai 23, 1989. Aliamka asubuhi ya siku ya mwisho ya Tour de France akiwa na jezi ya njano na mtaji wa sekunde 50. Zilibaki kilomita 24.5 tu, kutoka Versailles hadi katikati ya Paris, mbele ya watu wake. Kila mwendesha baiskeli alikuwa anakimbia peke yake dhidi ya saa. Kwa umbali mfupi kama huo, wengi waliona mechi imeisha.

Mpinzani wake alikuwa Greg LeMond wa Marekani. Miaka miwili nyuma, LeMond alipigwa risasi kwa bahati mbaya akiwa mawindoni, na alipanda baiskeli siku ile huku bado ana vipande vya risasi mwilini. Lakini alikuwa na kitu ambacho Fignon hakuwa nacho. Kwenye usukani wake kulifungwa vyuma viwili vinavyotokeza mbele, na nyuma yake vipo vitako vya kulazia mikono. Vilikuwa vinatumiwa na watu wa triathlon, wale wanaoogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia katika shindano moja.

LeMond akalaza mikono yake pale, mgongo ukashuka, kifua hakikupigwa na upepo. Alimaliza kwa dakika 26 na sekunde 57. Fignon akatumia dakika 27 na sekunde 55. Piga hesabu: sekunde 58 zimekwenda. LeMond akabeba ubingwa kwa tofauti ya sekunde 8, na hadi leo hakuna Tour iliyoamuliwa kwa tofauti ndogo kuliko hiyo.

Tusiwe waongo, si vyuma vile peke yake. Fignon alikuwa na kidonda sehemu ya kukalia, na alikimbia kichwa wazi, nywele zimefungwa nyuma zikipepea, wakati mwenzake alivaa helmeti iliyochongwa kukata upepo. Lakini tangu siku ile, watu wa baiskeli walianza kuuangalia usukani kwa jicho jingine. Waliona kwamba mahali mkono unapokaa panaweza kubadilisha matokeo.

Wewe hukimbizani na Fignon. Unatoka Mbagala kwenda kazini, au Jumamosi ya dabi unaikata Barabara ya Kilwa kuwahi Uwanja wa Benjamin Mkapa kabla foleni haijafunga. Lakini swali ni lile lile: mikono yako imekaa wapi, na imebeba nini? Kwako wewe kinachogombaniwa si jezi ya njano. Kinachogombaniwa ni kama vidole vitaikamata breki pale bajaji inapokukatia mbele.

VIDOLE VINATOA RIPOTI

Karibu kila anayeendesha baiskeli kwa muda anaijua hali hii. Nusu saa ya kwanza mambo safi. Baadaye kidole kidogo kinaanza kuwashawasha kama kimekanyagwa na sisimizi. Kinafuata cha pete. Ukifika, unakung'uta mkono kama mtu anayekausha maji, unasema ni uchovu.

Si uchovu. Kuna neva inatoka shingoni, inapita nyuma ya kiwiko, pale pale ambapo ukijigonga kwenye meza unahisi shoti ya umeme. Kisha inateremka hadi kiganjani upande wa kidole kidogo. Hapo inapita kwenye kijia chembamba, karibu na ngozi, na ndiyo inayohudumia kidole kidogo na nusu ya kidole cha pete. Ukiegemea usukani kwa kisigino cha kiganja, unakuwa umeikalia neva hiyo. Kila shimo na kila tuta ni nyundo nyingine.

Neva ya pili inapita katikati ya kifundo cha mkono kwenda kwenye gumba, kidole cha shahada na cha kati. Hiyo haipendi mkono uliokunjwa kwenda juu au chini kwa muda mrefu.

Kwa hiyo vidole vyenyewe vinakupa ripoti ya mechi. Ganzi ikianzia kidole kidogo, mara nyingi umeegemea sana upande wa nje wa kiganja. Ikianzia gumba na kidole cha shahada, angalia kama kifundo chako kimekunjika unaposhika breki. Usisubiri marudio ya video.

Na hili si suala la maumivu tu. Neva ya kidole kidogo inaendesha misuli mingi midogo ya mkono, ile inayotupa nguvu ya kubana. Mkono uliokufa ganzi unaweza kuwa juu ya breki na bado usijue umeibana kiasi gani. Ukiibana kidogo, baiskeli haisimami. Ukiivuta yote ya mbele kwa pupa, unaweza kurushwa juu ya usukani.

KIPA ANAJIPANGA KABLA YA GLOVU

Hapa ndipo wengi tunakosea. Mkono ukiuma, tunakimbilia dukani kutafuta raba laini. Ni sawa na timu iliyofungwa mabao matano kumnunulia kipa glovu mpya. Kipa asiyejua kusimama langoni, hata umvalishe glovu za bei gani, atachomoa mpira wavuni tu. Kwanza nafasi, glovu baadaye.

Kwenye baiskeli, nafasi inaanza na kiti. Ndiyo, kiti, ingawa tunazungumzia mikono. Kiti kilichoinamisha pua kinakutelezesha mbele siku nzima, na kinachokuzuia usidondoke ni viganja vyako. Chukua ubao ulionyooka, ulaze juu ya kiti, utazame kwa pembeni. Kwa watu wengi, kiti kilicho sawa au karibu na sawa ndicho mwanzo mzuri. Fundi yeyote wa chini ya mwembe ana spana ya kazi hiyo.

Pili, umbali na urefu wa usukani. Ukiwa umeshika raba, viwiko viwe vimelegea na kukunjika kidogo, mabega yasipande masikioni. Kama mikono imenyooka kama fimbo, kila mtikisiko wa barabara unapanda moja kwa moja hadi shingoni. Usukani unaoweza kupandishwa upandishwe kidogo, lakini bomba lake lina alama ya mwisho. Usiivuke, maana usukani unaweza kung'oka ukiwa kwenye mwendo.

Tatu, mkono wa breki. Kaa kwenye baiskeli kama unavyoendesha, nyoosha vidole juu ya breki. Kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole uwe mstari mmoja. Kama breki imeelekezwa juu sana, kifundo kinakunjika nyuma. Ikiwa chini sana, kinakunjika mbele. Legeza skrubu, izungushe hadi mstari unyooke, kaza tena. Breki nyingi zina kiskrubu kingine kidogo cha kusogeza mkono wake karibu na usukani. Wenye vidole vifupi, akina mama na watoto, mara nyingi wanateseka bure kwa sababu hakuna aliyewaambia kipo.

Nne, upepo wa tairi. Tairi lililojazwa hadi likawa jiwe linakuletea kila kokoto mkononi. Pembeni mwa tairi kumeandikwa kiwango. Kaa ndani ya kiwango hicho. Kwenye barabara ya vumbi huna haja ya kukimbilia kikomo cha juu.

Ukimaliza, fanya jaribio hili kwenye barabara tambarare isiyo na magari. Ukiwa unaendesha polepole, chezesha vidole juu ya usukani kama mpiga kinanda, bila kuuachia. Kama mwili umetulia, uzito uko kwenye kiti na pedeli, mahali pake. Kama unahisi kuanguka mbele, mikono yako bado inafanya kazi ya miguu.

Hii ndiyo sababu wazee wetu walikuwa wanasafiri kijiji hadi kijiji na Phoenix bila kulalamikia viganja. Usukani wa baiskeli zile unarudi nyuma kumfuata mwendeshaji, anakaa wima, mikono inaongoza tu, haibebi mtu. Walikuwa na malalamiko mengine, hasa uzito wa chuma kile kwenye mlima, lakini si ganzi.

SASA TUINGIE DUKANI

Ukishajipanga, vikorokoro vya usukani vina kazi yake, na kazi yenyewe ni kubwa. Tuvichukue kimoja kimoja.

Raba za kushikia ndizo za kwanza. Usichague kwa ulaini. Raba laini sana, hasa zile zinazobonyea kama godoro, zinakudanganya dukani. Baada ya saa moja zimebonyea mpaka mwisho, na unaegemea bomba lile lile. Cha kutafuta ni umbo. Zipo raba zenye upande mpana kama kibawa kidogo kwa nyuma. Kibawa kile kinasambaza uzito kwenye kiganja chote badala ya kuurundika sehemu moja, na kinazuia kifundo kisianguke chini. Lakini kikifungwa kikiangalia juu au chini kupita kiasi, kinageuka adui. Kifuate kiganja chako kinavyolala.

Unene nao una hesabu yake. Raba nyembamba sana inauma, nene sana inakuchosha kubana. Vidole vikizunguka, gumba na kidole cha shahada viweze kukaribiana bila kujilazimisha.

Kuna raba zinazobanwa kwa skrubu pembeni, na kuna zinazosukumwa tu. Za skrubu hazizunguki, na ukitaka kuzitoa unatumia spana ya L dakika mbili. Hizi za kusukuma, mwambie fundi atumie spiriti au maji ya sabuni kidogo, kisha aache zikauke kabisa kabla hujaondoka. Asitumie mafuta wala grisi. Raba inayozunguka mkononi wakati wa kupanda mlima ni pikipiki isiyo na moto, unapiga gia hewani. Kwenye mteremko ni hatari kabisa.

Wengi wetu tuna dawa ya mtaani: vipande vya tyubu ya zamani vilivyozungushwa kwenye usukani. Si mbaya. Mpira ule unashika hata mkono ukiwa na jasho. Ila uzungushwe sawasawa, usiwe na fundo chini ya kiganja, na mwisho wake ufungwe imara. Fundo moja dogo likikaa juu ya ile neva, umejitengenezea tatizo ulilotaka kulikimbia.

Baiskeli za mashindano, zenye usukani uliopinda chini kama pembe za kondoo, zinatumia utepe. Huo unazungushwa kuanzia mwisho wa usukani kuja katikati, kila mzunguko ukilalia mwenzake kidogo, umevutwa lakini haujanyongwa. Kwenye barabara mbaya wengine wanaweka tabaka mbili.

Glovu za vidole nusu zinafanya kazi mbili. Zinapunguza msuguano na jasho, na zinaokoa ngozi siku ya kuanguka, kwa sababu binadamu akianguka anatanguliza viganja. Zijaribu ukiwa umekunja ngumi, si mkono ukiwa umenyooka. Kama kitambaa kinajikunja na kuweka donge katikati ya kiganja, ziache hapo hapo. Golikipa yeyote atakuambia glovu isiyokutosha ni mbaya kuliko mkono mtupu.

Pembe, vile vyuma vifupi vinavyofungwa mwisho wa usukani ulionyooka, vinakupa mahali pa pili pa kushika. Mkono unabadilika mkao, neva inapumua, na kwenye mlima unavuta vizuri. Zielekeze mbele na juu kidogo. Lakini kumbuka, ukishika pembe hauko kwenye breki. Ni za mlimani na barabara nyeupe, si za kupenya kati ya daladala.

Mwisho ni kitu kidogo kuliko vyote: vizibo vya mwisho wa usukani. Bomba lililo wazi ni kisu cha duara. Mtoto akianguka, usukani ukageuka na kumkita tumboni, jeraha la nje linaweza kuonekana dogo na la ndani likawa kubwa. Leo jioni ukirudi nyumbani, ziangalie baiskeli za watoto. Kama raba imetoboka mwishoni, weka kizibo kabla hajatoka kucheza.

BREKI NDIYO NAMBA MOJA

Turudi kwa LeMond. Vyuma vyake vilimfaa kwa sababu barabara ilikuwa imefungwa na alikuwa peke yake. Mikono ikiwa imelazwa mbele vile, breki ziko mbali. Ndiyo maana vyuma hivyo haviruhusiwi kwenye mbio za kundi. Mwaka 2021, Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli, UCI, lilikwenda mbali zaidi. Lilipiga marufuku hata kulaza mikono juu ya usukani wa kawaida katika mbio hizo. Waendeshaji bora duniani, wanaolipwa kwa kazi hiyo, wameambiwa: kasi hatuikatai, ila mikono ibaki mahali inapoweza kuitawala baiskeli.

Kama hilo ni kosa kwao, kwetu ni zaidi. Unawaona vijana wanaolaza mikono usukanini wakishuka mlima, kifua mbele, wanajiona wako Paris. Mbele yao kuna mbuzi, kuna mchanga, kuna mtu anafungua mlango wa gari.

Kwa hiyo chochote unachofunga usukanini kipite mtihani mmoja: je, bado naifikia breki mara moja bila kuitafuta? Kengele, taa, kishikio cha simu na kikapu vyote vizuri, lakini kama vimesukuma breki kando, vitoe. Mkao wa kila siku mjini ni kidole kimoja au viwili juu ya breki, vilivyobaki vinashika raba.

Wanaobeba mzigo nyuma wana la kujihadhari zaidi. Kreti za soda au gunia la mkaa vinalifanya gurudumu la mbele liwe jepesi. Usukani unacheza, na unajikuta unaubana kwa nguvu kuutuliza. Hapo ganzi inakuja mapema. Sogeza mzigo mbele kadiri unavyoweza, ushushe chini, ufunge usitikisike.

SOMO LA KIGALI NA ROUBAIX

Septemba 2025, mbio za ubingwa wa dunia za barabarani zilikuja Afrika kwa mara ya kwanza, na jirani zetu wa Kigali ndio waliokuwa wenyeji. Wanaume walikimbia kilomita 267.5, mlima baada ya mlima, na kila mzunguko wa mjini ulipandisha Kimihurura, barabara iliyotandikwa mawe. Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda.

Ukipata marudio ya mbio zile, acha kuangalia miguu kidogo, angalia mikono. Utaona haikai mahali pamoja. Mara juu ya usukani wakati wa kupanda, mara kwenye vishikio vya breki, mara chini kwenye mteremko. Viwiko vimelegea. Wanahama mkao kabla ganzi haijaja, kama kiungo anayehama nafasi kabla hajafungiwa njia.

Paris-Roubaix ya Ufaransa ni shule nyingine. Ilianza 1896, ina zaidi ya kilomita 250, na zaidi ya 50 kati yake ni mawe matupu ya barabara za mashambani. Mshindi hapewi kikombe, anapewa jiwe. Viganja vinatoka malengelenge. Mwaka 1992 Gilbert Duclos-Lassalle alishinda akiwa na shokapu mbele, kitu cha baiskeli za milimani, na mwaka uliofuata akashinda tena. Hata hivyo wazoefu wa Roubaix wanafundisha jambo moja linaloshangaza: usiubane usukani. Ushike kama unavyomshika ndege, asiruke na asife. Mkono ulioubana unapokea kila pigo la jiwe. Uliolegea unaliacha gurudumu litafute njia yake.

Somo hilo halina bei. Linafanya kazi kwenye mawe ya Ufaransa na kwenye mashimo ya mtaa wenu.

KAMA PESA NI KIDOGO

Basi panga hivi. Wiki hii, bila kununua kitu, sawazisha kiti, nyoosha mstari wa breki, pima upepo. Wiki ijayo weka vizibo na ubadilishe raba zilizoisha. Mfuko ukiruhusu, glovu. Pembe zije mwisho, kama safari zako ni ndefu kweli. Na kila dakika chache barabarani, hamisha mkao wa mikono na ukunjue vidole, mkono mmoja baada ya mwingine.

Ganzi ikiondoka ukishuka kwenye baiskeli, rekebisha na uendelee. Lakini ikiwa umepumzika siku kadhaa na bado ipo, au unashindwa kubana karatasi kati ya vidole, au vitu vinakudondoka mkononi, hilo si la fundi baiskeli tena. Nenda hospitali. Neva iliyobanwa muda mrefu inachelewa kurudi, na wakati mwingine hairudi yote.

Fignon aliipoteza Tour kwa sekunde 8. Barabarani kwetu, bajaji ikikata kona bila taa, hupewi hata hizo 8. Unapewa moja, pengine mbili, na kazi yote inafanywa na vidole viwili juu ya breki. Hakikisha viko hai.